Betri Zijazwe Usiku, Watoto Wapate Kusoma

Saa 2 usiku ni saa yenye thamani kubwa katika mitaa ya Kibera na Kawangware. Mama yu jikoni, kinyozi hajafunga, na mwanafunzi ndiyo kwanza amefungua daftari. Ni saa hiyo hiyo ambapo nyaya zilizounganishwa kiholela na transfoma zilizoelemewa hushindwa, na mtaa mzima huingia gizani. Nimesahihisha madaftari kwa mwanga wa mshumaa mara nyingi hata sishangai tena.

Sasa amekuja mgeni, pikipiki ya umeme. Simpingi. Hatoi moshi, na humpunguzia mwendeshaji wa bodaboda gharama ya petroli. Lakini nawaomba walimu wenzangu wapige hesabu pamoja na wanafunzi wao. Betri moja ikijazwa yuniti 3 kwa muda wa saa 3, huvuta kilowati 1. Betri 30 zikichajiwa pamoja katika kituo kimoja huvuta kilowati 30, sawa na balbu 3,000 za wati 10. Je, transfoma iliyokwisha kuelemewa itaubeba mzigo huo saa 2 usiku?

Dawa ipo, nayo ni kuchagua saa. Baada ya saa 4 usiku watu hulala na mahitaji ya umeme hushuka, ilhali mvuke wa Olkaria haulali. Ndiyo maana mwaka 2023 mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa yuniti, na nusu yake, shilingi 8, katika saa za mahitaji machache, kabla ya kodi na tozo nyinginezo.

Hata hivyo, bei hiyo huhitaji mita yake. Mwendeshaji anayechaji chumbani mwake Laini Saba haipati, na anayebadilisha betri kituoni hulipa anachotozwa na kituo. Ana sababu gani basi ya kungoja usiku? Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba kutangaza bei kunatosha. Vituo vya mitaa hii vipewe mita hizo, viweke betri za akiba zinazojazwa usiku, na nafuu imfikie mwendeshaji mfukoni.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wetu asije akamzimia mtoto taa.