Nani Kasema Sadaka Haiulizwi?

Kuna kauli imezoeleka katika makanisa yetu ya Pwani Kusini, kuanzia Ukunda hadi Lungalunga, na kwa kawaida hutolewa na mtu anayetaka mjadala ufungwe: sadaka haiulizwi ilikotoka. Mtoaji ana Mungu wake, kazi yetu ni kupokea na kushukuru. Utaisikia kila mheshimiwa anapoalikwa kuwa mgeni rasmi wa harambee ya kanisa, na utaisikia zaidi msafara wake ukishaondoka, vijana wanapoanza kunong'onezana nje. Kauli hiyo ni ya uongo. Haimo katika Biblia, na kama kuna mahali Kenya hii ambapo Mkristo angepaswa kuionea haya, basi ni Kwale.

Tuanze na Biblia, maana ndiyo tunayoapia. Yuda alipojuta akarudisha vile vipande 30 vya fedha, makuhani wakuu walikataa kuvitia katika hazina ya hekalu, kwa kuwa vilikuwa bei ya damu. Na hao hawakuwa watakatifu. Ndio waliozitoa pesa hizo kununulia usaliti! Hata hivyo walijua ipo pesa isiyoingia sandukuni mwa Mungu, wakanunulia shamba la kuzikia wageni. Kamati zetu za ujenzi zimeshindwa hata na akina Kayafa.

Kisha yupo Zakayo. Wakenya walimbandika Rais William Ruto jina hilo kwa sababu ya kodi, wakaimba ashuke mtini, na wengi wetu tuliishia hapo kwenye mti. Zakayo wa Luka alishuka, na mbele za watu akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Hakusema ataezeka sinagogi la Yeriko.

Wasomaji wazuri wa Maandiko hunijibu kwa Koreshi. Si alikuwa mfalme mpagani, na hekalu likajengwa kwa fedha zake? Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, lakini isomeni hadi mwisho. Koreshi alirudisha vyombo ambavyo Nebukadneza alivipora Yerusalemu, vikahesabiwa kimoja kimoja na kukabidhiwa. Gharama za ujenzi ziliandikwa katika amri, pamoja na vipimo vya nyumba yenyewe, na miaka mingi baadaye Dario alipotaka uthibitisho, hati ilipatikana katika kumbukumbu za serikali. Hiyo ni bajeti ya umma yenye rekodi. Leteni mbunge mmoja ambaye bahasha yake ya Jumapili ina hati ya namna hiyo, nami nitanyamaza.

Itazameni harambee yenyewe. Hema limesimamishwa, viti vya plastiki vimepangwa, na kimoja kimevikwa kitambaa. Mahubiri yamekatwa kwa sababu mheshimiwa ana shughuli nyingine Msambweni. Unakuja mnada wa vitu walivyoleta waumini: nazi, mihogo, mayai, na kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu, aliyeletwa na mama mmoja. Mheshimiwa anamnunua kuku kwa shilingi 20,000, kisha anamrudisha anadiwe tena, na hema zima linashangilia. Jina la mheshimiwa linatajwa kwenye kipaza sauti mara tatu. La mama halitajwi. Yesu alikaa mbele ya sanduku la sadaka akaona ya matajiri na ya mjane, na tunajua alimsifu nani. Sisi tumeligeuza sanduku likatazama upande wa pili.

Mshahara wa mbunge si siri. Huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Mtoto wa darasa la nne akijumlisha harambee za Jumapili nne ataona hesabu haifungi. Watu wazima, wengine walimu na wahasibu, wanaiona vilevile, halafu wanasema amina.

Nimesema Kwale ingepaswa kuona haya, na sababu yangu ni ardhi. Viwanja vya ufuoni Diani viliwaendea wakubwa wa serikali na marafiki zao tangu miaka ya 1970, huku Wadigo wenye makaburi ya babu zao papo hapo wakiitwa maskwota. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipowasilisha ripoti yake Mei 2013, makamishna watatu wa kigeni, Ronald Slye, Berhanu Dinka na Gertrude Chawatama, walikataa kutia saini sura ya ardhi, wakilalamikia mabadiliko katika aya zilizomtaja rais wa kwanza na ardhi ya Pwani. Hebu fikirini: hata ripoti yenye neno Ukweli katika jina lake ilichezewa ilipofika ufuoni kwetu.

Nabothi alinyang'anywa shamba kwa taratibu zote. Palikuwa na barua, muhuri wa mfalme, wazee wa mji, mashahidi wawili wa uongo, na jambo ambalo wahubiri wetu hulipita haraka: ilipigwa mbiu ya kufunga. Yezebeli alianza wizi wa ardhi kwa ibada ya hadhara. Eliya hakumwalika Ahabu kuwa mgeni rasmi. Alimfuata hadi shambani kwenyewe, akamwuliza.

Madini nayo yanajulikana. Base Titanium ilianza kusafirisha madini ya Kwale kupitia Likoni mwaka 2014, ikafunga uchimbaji Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali ya kitaifa, 20 kaunti, 10 jamii ya eneo lenyewe. Ile 10 ya jamii ikasubiriwa miaka na miaka. Katika hali kama hiyo, kiongozi wa serikali inayodaiwa na kijiji anapofika Jumapili na laki mbili za mabati, deni limegeuka fadhila. Watu wanampigia vigelegele mdaiwa wao, na mchungaji anamwekea mikono. Huo ndio uongo mkubwa wa harambee, mkubwa kuliko wizi wenyewe.

Najua hofu iliyo chini ya kauli kwamba sadaka haiulizwi, na sitaidharau. Wakristo wa Kwale ni wachache. Makanisa mengi ya Ukunda na Diani yamejaa watu wa bara, viwanja vingine havina hatimiliki, na mchungaji anajua siku ya mgogoro atahitaji simu ya mkubwa. Lakini Agosti 1997, wavamizi waliposhambulia kituo cha polisi cha Likoni na watu wa bara wakauawa na kufukuzwa, serikali ilishindwa kuwalinda. Maelfu walikimbilia Kanisa Katoliki la Likoni. Lililowafaa siku hiyo ni kanisa lenye ua na mlango wazi.

Na jirani zetu Waislamu wanatutazama. Mdigo wa Msambweni haweki nyama kinywani kabla ya kujua nani kachinja, na amefundishwa tangu chuoni kwamba Mungu hapokei sadaka ya mali ya haramu. Kama viongozi wake nao hupokea bahasha, hilo watajibu wao. Mimi najibu kwa ajili ya kanisa langu, ambalo linahubiri toba barabarani kwa vipaza sauti na halijamwuliza mgeni wake swali hata moja.

Kukataa kunawezekana. Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa kipaza sauti huko Butere, kwenye ibada ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno, wakubwa wakiwa wameketi pale pale. Julai 2024 Rais alipiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Novemba mwaka huo huo yeye mwenyewe alitoa shilingi milioni 2.6 katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, zikiwemo milioni mbili za nyumba ya padri, siku chache baada ya maaskofu kulalamika hadharani kwamba uongo unakuwa utamaduni wa serikali. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza pesa zirudishwe. Mbingu hazikuanguka, na nyumba ya padri haikufa kwa kukosa milioni mbili.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na misafara itaanza kukata kona kuingia viwanja vyetu mapema kuliko tunavyodhani. Anayetaka kusali aje, mabenchi yapo. Akitaka kutoa, kapu linapita kwa kila mtu, bila mnada wala kipaza sauti. Akitaka kutusaidia kama kiongozi, aanze na mrabaha wa jamii na hati za maskwota wa Diani. Mabati tutachanga wenyewe, hata yakichukua miaka mitano.