Nyangumi Mmoja Haleti Bahari Lobule

Mjomba wangu aliuza ng'ombe wawili akanunua shamba la mawe huku kwetu Lobule. Aliyemuuzia alimwambia kwamba bahari ya kale ilipita hapo, na bahari ikipita haikosi kuacha mafuta. Ushahidi alikuwa nao mkononi: nyangumi alipatikana Turkana, na Turkana si mbali. Mjomba hakupata shule ya kutosha, simlaumu. Ninaowalaumu ni sisi. Muhula uliopita, katika mjadala wetu wa darasani, mwenzetu anayekaribia kuhitimu alitoa hoja hiyohiyo, akapigiwa makofi, na hakuna aliyesimama kumpinga. Mimi nilikuwa miongoni mwa walionyamaza. Basi nasimama sasa, ingawa nimechelewa.

Nyangumi wa Turkana ni wa kweli. Kisukuku chake kilichimbuliwa Loperot mwaka 1964 na J. G. Mead, ambaye wakati huo (wenzangu mlisikie hili) alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza kama sisi, katika Chuo Kikuu cha Yale. Kilichopatikana ni sehemu ya fuvu, yaani mdomo mrefu wa jamii ya nyangumi wenye midomo kama ya ndege. Kisha kisukuku kikapotea ghalani. Louis Jacobs, aliyewahi kuongoza idara ya visukuku ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alikitafuta kwa miaka kama 30 hadi alipokipata Harvard mwaka 2011, kikarudishwa Kenya. Umri wake ni miaka milioni 17. Mahali kilipolala ni kilomita 740 kutoka pwani ya leo, kwenye mwinuko wa mita 620 hivi.

Mwenzetu alizisoma tarakimu hizi akatangaza: bahari ilifika Turkana. Lakini waliokichunguza kisukuku na kuchapisha matokeo mwaka 2015 hawakusema hivyo hata kidogo. Walisema nyangumi huyo alipotea njia akapanda mto. Mashapo alimofukiwa ni ya mto, na humo humo Loperot mna mifupa ya mamba na ya wanyama wa nchi kavu. Ili mnyama mkubwa kiasi hicho apande mto mamia ya kilomita, sharti mto uwe mpana, wenye maji mengi, na uteremke polepole sana bila maporomoko. Kwa hiyo walikadiria kwamba ardhi ya Loperot wakati ule ilikuwa mita 24 hadi 37 tu juu ya bahari, na kwamba nyanda zetu za Afrika Mashariki ziliinuka baadaye. Nyangumi yule anatusimulia habari za ardhi kuinuka. Sisi tumemlazimisha asimulie habari za bahari.

Anayeona hili ni la kubuni akumbuke Januari 2006, nyangumi wa jamii hiyohiyo alipoingia Mto Thames hadi katikati ya London, watu wakimtazama kutoka madarajani, akafa siku ya pili. Mifupa yake ingezama topeni na kuchimbuliwa baada ya miaka milioni 17, mwenzetu angechora bahari juu ya bunge la Uingereza.

Kosa hili tumelirithi, na waliotutangulia walikuwa wasomi wakubwa. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza J. E. S. Moore alifika Ziwa Tanganyika mara mbili. Alikuta konokono wenye makombe mazito, yenye miiba na mapambo, wasiofanana na konokono wa maziwa mengine aliyoyajua. Alikuta pia habari za konyeza wadogo waliokwisha kuonekana humo kabla yake, na konyeza kila mtu wa pwani anamjua kuwa ni kiumbe wa bahari. Moore akawalinganisha konokono wake na visukuku vya bahari ya Jurasiki vya Ulaya, akaona wanafanana, akahitimisha kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya Jurasiki kilichobaki ndani ya bara. Kitabu chake kilitoka 1903. Mwaka 1904 alitumwa William Cunnington kwenda kulichunguza jambo hilo, na nadharia ile haikupona. Konyeza haohao walipatikana Ziwa Viktoria na Mto Niger, mahali ambapo hakuna aliyedai kwamba ni mabaki ya bahari moja. Konokono nao ni watoto wa ziwa, waliobadilika humohumo kutoka kwa wazazi wa maji baridi, wakajenga makombe mazito katika ziwa lenye mawimbi na kaa wenye kuvunja makombe. Na ziwa lenyewe lina umri wa miaka milioni 9 hadi 12 hivi, ilhali Jurasiki iliisha kama miaka milioni 145 iliyopita. Kufanana kwa sura kulimpoteza Moore, mtu aliyefika ziwani kwa miguu yake na kuvua konokono kwa mikono yake. Sisi hata Loperot hatujafika.

Basi bahari ya kale ilikuwa wapi? Ilikuwepo, na dalili zake hazijifichi. Nyuma ya Mombasa kuna miamba ya matope yaliyoganda yenye amonaiti, wale wa makombe ya kujikunja kama pembe ya kondoo dume, wa miaka yapata milioni 160. Mandera, Somalia na Ethiopia kuna mawe ya chokaa ya bahari ya Jurasiki, na kule Mekele yanakaa leo kwenye nyanda za zaidi ya mita 2,000. Tendaguru, Lindi, ambako Wajerumani walichimba dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913 na kuwapeleka Berlin, tabaka za dinosaria zinapishana na tabaka za bahari. Tabaka mojawapo waliliita kwa jina la Trigonia smeei, kombe lililojulikana kwanza kutoka Kutch, India. Leo tabaka hilo linaitwa kwa jina la Indotrigonia africana, na majina hayo mawili yanatosha kuonyesha ujirani uliokuwepo. Amonaiti wa pwani yetu nao wana ndugu zao Kutch na Madagaska, kwa sababu zilikuwa pwani za ghuba moja iliyokuwa ikifunguka wakati Gondwana ikipasuka.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Mombasa na Mekele hatumpati mnyama mmoja aliyepotea. Tunapata jamii nzima, wakubwa kwa wadogo, ndani ya mwamba uliotengenezwa na bahari yenyewe, na tukifuata mwamba huo tunaendelea kuwapata. Ukinionyesha hivyo Turkana, nitakubali bahari ya Turkana. Wapo pia nyumbani wanaosema makombe yote haya yaliletwa na gharika ya Nuhu. Sigusi imani ya mtu, lakini naomba nielezwe ni maji gani yaliyofunika dunia nzima yakawapanga amonaiti Mombasa, Kutch na Madagaska kwa mfuatano uleule wa tabaka, yasiangushe hata mmoja Koboko.

Wa upande wa pili nao wasishangilie. Nimesikia ikisemwa kwamba, kwa kuwa ramani ya visukuku vya bahari ni tupu West Nile yote, imethibitika kwamba bahari haikufika kamwe. Hiyo nayo ni hoja mbovu. Mawe ya kwetu kwa sehemu kubwa ni gneisi ya miaka yapata bilioni 2.5, iliyopikwa chini ardhini zama ambazo dunia haikuwa na mnyama hata mmoja, wa baharini wala wa nchi kavu. Kutafuta amonaiti ndani yake ni kumtafuta mjukuu kwenye harusi ya babu. Jiwe hilo haliwezi kutoa ushahidi wa upande wowote, na utupu wake kwenye ramani usihesabiwe sawa na utupu wa mahali penye mashapo ya umri unaofaa.

Nabakiwa na mafuta, ambayo ndiyo yaliyomponza mjomba. Uganda ilipogundua mafuta ya kutosha kuuzwa mwaka 2006 pembeni mwa Ziwa Albert, watu wengi walijazia wenyewe sababu: pana mafuta, basi palikuwa na bahari. Mafuta yale ni ya ziwa. Yametokana na mabaki ya vijimea vya majini na mimea ya nchi kavu vilivyozama katika maziwa ya kale ya Bonde la Ufa, na nta yake nyingi ni mojawapo ya dalili za asili hiyo. Nta hiyohiyo ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limeundwa kwa kupashwa moto njia nzima, kwani mafuta yakipoa huganda. Kila tunapozungumzia gharama za bomba hilo tunazungumzia ziwa la kale bila kujua. Tena mafuta hudai mashapo mazito, ya kilomita kwa kilomita kwenda chini. Bonde la Rhino Camp lina mashapo, na visima vilivyochimbwa huko havikutoa mafuta ya kuuza. Lobule, iliyo nje ya bonde, haina hata hayo. Chini ya udongo mwekundu ni gneisi, basi.

Mwenzetu aliyepigiwa makofi atakuwa mwalimu wa sekondari mwaka ujao, na huenda akapangiwa huku kwetu. Ndiyo maana sikutaka kumalizia jambo hili kwa mzaha wa bwenini. Namwomba alete mwamba mmoja wa bahari, mmoja tu, kutoka popote kati ya Loperot na Koboko, kilomita zaidi ya 500 za kuchagua, tuutazame pamoja mbele ya darasa lilelile.

Mjomba hajapata wa kumrudishia ng'ombe zake. Siku hizi anaponda mawe ya shamba lile kwa nyundo na kuwauzia wajenzi kokoto. Gneisi hutoa kokoto nzuri.