Mzee, Usijifungie Ndani

Labda unamjua mzee wa namna hii. Zamani alikuwa wa kwanza kufika mkutanoni. Siku hizi haonekani. Msibani haendi. Kanisani au msikitini haendi. Mnadani, mahali alipopenda kwenda kutazama ng'ombe, haendi. Ukimwuliza mkewe, anakujibu, "Mzee amechoka tu."

Hajachoka. Mzee huyo alipasuliwa tezi dume. Sasa mkojo unamtoka bila yeye kutaka. Akikohoa, unatoka. Akiinuka kwenye kigoda, unatoka. Akibeba ndoo, unatoka. Anaogopa watu watasikia harufu. Kwa hiyo amejifungia ndani.

Maoni yangu ni haya: jambo hili lisiwe siri. Aibu inawaumiza wazee wetu kuliko mkojo wenyewe. Kuna kazi ya kufanya, na kazi hiyo haihitaji fedha.

Kwanza tuelewe. Kila mwanamume ana tezi dume. Ipo chini ya kibofu, nayo imezunguka njia ya mkojo. Umri ukiwa mkubwa, mara nyingi tezi hiyo huvimba ikabana njia. Mzee anashindwa kukojoa vizuri. Wengine hupata saratani ya tezi hiyo. Daktari akiona inafaa, anapasua. Hapa Dodoma tunayo Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015. Mzee wa Bahi, Kongwa au Mpwapwa asidhani kwamba wataalamu wako Dar es Salaam peke yake.

Kwa nini mkojo unavuja baada ya kupasuliwa? Fikiria zizi lenye malango mawili. Lango la juu liko karibu na tezi. Lango la chini ni misuli iliyo chini ya kibofu. Daktari akiondoa tezi, lango la juu hulegea. Sasa lango la chini linazuia ng'ombe wote peke yake. Halijazoea kazi hiyo. Lazima litiwe nguvu.

Misuli hutiwa nguvu kwa mazoezi. Mkono wa mkulima una nguvu kwa sababu unashika jembe kila siku. Misuli ya kuzuia mkojo ni vivyo hivyo.

Mazoezi yenyewe ni haya:

1. Lala chali, au keti.
2. Kaza misuli ya ndani kama mtu anayezuia upepo usitoke mbele za watu. Kaza pia kama mtu anayekata mkojo katikati. Hiyo ndiyo misuli tunayoitaka.
3. Kaza, huku ukihesabu moja mpaka tano. Kisha legeza, ukihesabu tena moja mpaka tano.
4. Fanya hivyo mara kumi. Rudia asubuhi, mchana na jioni.
5. Pumua kama kawaida. Usikaze tumbo, mapaja wala makalio.
6. Kabla ya kukohoa, kuinuka au kubeba kitu, kaza kwanza.

Usiyafanye mazoezi haya kila unapokojoa. Kukata mkojo ni kwa kuitambua misuli tu. Tena, usianze wakati mpira wa mkojo bado umo mwilini. Ngoja utolewe, na daktari akuruhusu. Wiki za kwanza baada ya kupasuliwa, usibebe mizigo mizito mpaka daktari akubali.

Mtama haupandwi leo ukavunwa kesho. Mazoezi haya nayo yanataka wiki nyingi, pengine miezi. Watu wengi hupata nafuu katika mwaka wa kwanza. Wengine hubaki na tatizo. Hao wasikate tamaa, warudi hospitali, kwa maana yako matibabu mengine.

Wako wanaume watakaosema, "Hayo ni mazoezi ya wanawake." Ni kweli kwamba wanawake wamefundishwa kwa miaka mingi. Daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi hayo mwaka 1948, akiwasaidia akina mama waliovuja mkojo baada ya kujifungua. Lakini misuli hii wanaume nao wanayo. Je, mtu aache kutumia jembe kwa sababu mkewe pia analitumia?

Sasa niseme juu ya maji. Wazee wengi wanaovuja mkojo huacha kunywa maji. Wanadhani watakauka. Hilo ni kosa. Jua la Dodoma ni kali, na mwili unahitaji maji. Ukinywa kidogo mno, mkojo unakuwa mkali, unachoma kibofu, na haja inakujia mara kwa mara. Kunywa maji mchana, punguza jioni. Punguza pia kahawa, chai ya rangi kali na pombe.

Maji ya kufulia nayo ni kazi. Vijijini kwetu ndoo hutoka mbali, na mara nyingi mama ndiye anayeibeba. Mzee akificha nguo zake zenye mkojo, harufu huzidi na ngozi huchubuka. Afadhali aseme. Watoto wakubwa wasaidie kuchota maji na kufua. Vitambaa safi vya pamba viwekwe tayari. Baba aliyewalea hastahili kuchekwa.

Wauguzi nao nawaomba jambo moja. Mwelezeni mzee habari ya mazoezi haya kabla hajapasuliwa, na mwelezeni kwa maneno ya nyumbani. Asiyeambiwa kwamba mkojo unaweza kuvuja, hudhani ameharibika kabisa.

Mwaka 1973 nchi yetu ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili malaria, kuhara na kichocho. Kichocho ni ugonjwa wa kukojoa damu. Watu waliujadili mbele ya wenzao, na wala hawakupungukiwa heshima. Kama tuliweza kuusema mkojo wenye damu, tunashindwaje kuusema mkojo unaovuja?

Angalia hatari pia. Mzee akishindwa kukojoa kabisa, akikojoa mabonge ya damu, akipata homa au maumivu makali, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mazoezi hayatibu mambo hayo.

Ndugu msomaji, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe sasa unajua kusoma. Uchukue ukurasa huu, umwendee mzee aliyejifungia ndani. Usimsomee mbele za watu. Keti naye chini ya mti, msomee taratibu, halafu mhesabie: moja, mbili, tatu, nne, tano.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mkojo huvuja baada ya tezi dume kupasuliwa?
2. Mzee afanye mazoezi mara ngapi kwa siku?
3. Katika kijiji chetu, ni nani anayeweza kumfundisha mzee bila kumwaibisha?