Tyuna si Pambo la Sebuleni, Staa Wetu!

Wiki iliyopita staa mmoja wa kike wa Bongo Fleva, jina kapuni, alirusha video ya sebule yake mpya. Sofa nyeupe, zulia la manyoya, TV kubwa kama mlango, halafu chini ya TV kuna tyuna ya FM ya kizamani ya Kijapani, zile za uso wa bati linalong'aa na mshale. Watu wakamwaga makopakopa. Mimi nikavuta picha karibu. Hakuna waya wa antena, hakuna waya wa kwenda kwenye amplifaya. Yaani imewekwa kama chombo cha maua.

Simchukii dada yetu, hela ni yake. Ila iliniuma, maana mimi naishi na ndugu wa ile tyuna mwaka wa sita sasa. Yangu ni Sansui ya miaka ya 70, aliileta marehemu mjomba enzi zake za ubaharia.

Kwa wasiojua, tyuna si redio kamili. Haina spika, haina amplifaya, haina pa kuchomeka flashi (kila mgeni lazima aulize hilo!). Kazi yake ni moja tu, kukamata stesheni na kuitoa safi. Hela ndefu unayolipa ni kwa ajili ya kutenganisha stesheni zilizobanana, na Dar zimebanana kwelikweli.

Kiukweli mwezi wa kwanza niliichukia. Nilichomeka kipande cha waya, ikakoroma kama mzee aliyelala chali. Fundi mmoja wa mtaani akanicheka, akanichania waya wenye umbo la T, kila mkono sentimita 75 hivi, tukaubana ukutani juu ya pazia. Kimyaaa. Halafu nikamsikia mtangazaji anavuta pumzi kabla ya kuongea. Pumzi, wadau! Baadaye jirani akapandisha ghorofa, kila herufi ya "s" ikaanza kukwaruza, kwa sababu mawimbi yanagonga jengo na kukufikia mara mbili. Nikahamishia waya ukuta mwingine, ishu ikaisha.

Tatizo la tyuna nzuri ni kwamba haifichi kitu. Kuna kituo kikubwa mjini kinapiga nyimbo ambazo ni wazi zimeshushwa mtandaoni zikiwa zimebanwa hadi basi, matoazi yanalia kama chipsi kwenye mafuta. Kwenye simu huwezi kugundua. Na msisingizie FM, maana FM inabeba sauti hadi kilohezi 15, inatosha kabisa. Ubovu uko studio.

Nilimwambia hivyo mtangazaji mmoja maarufu tulipokutana harusini. Akacheka. "Mdogo wangu, nani siku hizi anasikiliza redio kwa redio? Watu wako kwenye simu."

Nani? Mama ntilie wa pale kona, kaka. Fundi cherehani. Dereva wa daladala. Hao wote bando hawana la kuchezea, na simu nyingi mpya hazina hata FM. Mnawapigia takataka halafu mnasema hawapo.

Tena siku ya Simba na Yanga ndiyo utajua. Mimi nashangilia goli, jirani mwenye kisimbuzi anakuja sekunde kadhaa baadaye, wa kwenye simu ndiyo kabisa, tumeshakaa chini yeye ndiyo anapiga kelele.

Sasa najua baada ya ile video mtakimbilia kununua. Angalieni. Tyuna iliyotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe inaishia 90 kama redio za magari ya mitumba, na inataka umeme wa volti 100. Ya Marekani inataka 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wetu wa 230 umeichoma, utabaki na pambo kweli. Ya mjomba ina swichi ya volti nyuma, ndiyo maana imefika leo.

Mwezi juzi alikuja jamaa anayefungua baa, akanipa ofa ya laki nane. Wadau, laki nane! Bati letu linavuja, mama akaniangalia tu. Jamaa anasema ataiweka nyuma ya kaunta na taa za bluu. Nikamuuliza antena ataipitisha wapi, akasema ya nini sasa. Nikakataa. Mama hakunisemesha siku mbili, na sijui kama nilifanya sawa, maana mvua ikinyesha bado tunatega ndoo. Ila usiku kipindi cha taarabu kikianza ni yeye huyohuyo anayeniita toka chumbani, "Hebu ongeza sauti."

Dada staa, kama unasoma hapa, unahitaji waya wa mita moja na nusu tu. Nakuja kuufunga bure.