INI LIKIUMIA, TUSILIONGEZEE MZIGO

Mfanyakazi mwenzetu, na wewe mama wa nyumba: macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai kali, chakula kikichukiza, fahamu kwamba pengine ini limeumia. Ugonjwa huo ukianza kwa ghafula, waganga wanauita hepatiti kali. Si homa ya manjano, ile inayoletwa na mbu.

Mara nyingi unaletwa na virusi. Virusi A na E vinaingia kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na mavi. B inapita kwa damu, kwa kulala pamoja, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaa. Lakini malaria kali pia inaweza kugeuza macho manjano. Ndiyo sababu mgonjwa aende kwanza hospitali apimwe damu.

Sasa tujiangalie sisi wenyewe. Jirani analeta dawa ya miti «ya kusafisha ini». Rafiki analeta lutuku. Mwingine anatoa parasetamoli bila hesabu. Vyote hivyo vinapita ndani ya ini, lile lile linaloumwa! Halafu jamaa wanamkataza mgonjwa mayai, nyama na mafuta, wanamwachia chai tu. Sisi tunasema: haya ni makosa mawili. Tunampa vya kumuumiza, tunamnyima vya kumponya.

Kwa hepatiti A na E, watu wengi wanapona bila dawa ya kuua virusi: ini linajiponya lenyewe, likipata pumziko na chakula. Basi umpe mgonjwa chakula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Asubuhi kichefuchefu hupungua. Hapo umpe zaidi. Uji, bukari, samaki, maharagi, yai, lengalenga, matunda: vyote vinafaa. Mafuta yasizidi ikiwa yanamtapisha. Maji safi anywe mengi. Pombe, hata chupa moja, hapana, mpaka muganga aseme. Karanga na mahindi yenye ukungu tupa: sumu yake inaharibu ini la kila mtu.

Mgonjwa akianza kusema ovyo, kusinzia mchana kutwa, kutoka damu, au kutapika kila kitu, mpeleke hospitali saa ile ile. Mwanamke mwenye mimba asingoje hata dalili hizo.

Na wewe unayeficha macho ya manjano ili usikose siku ya kazi: kushuka mgodini na ini bovu si ushujaa. Mwambie mkubwa wako, uende kwa muganga.

Nyumbani, nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kupika. Chemsha maji ya kunywa. Kila mtu awe na wembe wake. Peleka mtoto kwa chanjo za wiki 6, 10 na 14. Ndani yake mna kinga ya hepatiti B.

Ini ni moja tu. Tulilinde.