STAA WETU, ACHA KUTUUZIA JINI KWA JINA LA CHUO KIKUU

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira, mnivumilie tu.

Kuna staa mmoja wa filamu, simtaji, na nyie mnaomjua msimtaje huko chini kwenye komenti maana hela ya wakili sina. Mwezi uliopita alikuwa laivu anaongelea watu wanaokabwa usiku. Mara akatupia: "Wanasayansi wa vyuo vikuu vya Marekani wameshathibitisha haya mambo." Makopakopa yakapanda kama povu. Dakika mbili mbele akataja namba ya "mtaalamu" wake.

Mdogo wangu alikuwa anaangalia. Yuko chuo mwaka wa kwanza, kipindi cha mitihani, analala saa nane usiku anaamka saa kumi na moja. Alikuwa anazinduka hawezi kunyanyua hata kidole, anahisi kuna mtu kamkalia kifuani, anataka kupiga kelele sauti haitoki. Akapiga ile namba. Akatuma laki mbili na nusu, hela ya kodi ya chumba. Mtaalamu akamwambia anayemkaba ni shangazi yetu. Shangazi huyo huyo aliyemlipia ada sekondari! Hadi leo hawaongei.

Sasa mimi nimeishia kidato cha nne, sio msomi, ila bando ninalo. Nikasema ngoja niwatafute hao wanasayansi. Na wapo kweli, ndio kinachoniuma zaidi, kwamba staa hakutunga kila kitu.

Miaka ya 1930 kulikuwa na jamaa anaitwa J. B. Rhine, Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Alikuwa na kadi 25 zenye alama tano: duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota. Unakisia kadi usiyoiona. Kwa kubahatisha tu unapata kama tano. Yeye alisema kuna watu wanapata zaidi ya hapo tena na tena, dunia ikashtuka. Wengine walipokuja kukagua wakakuta ulinzi wa jaribio ulikuwa legelege, kuna kadi alama yake ilionekana hata kwa nyuma. Walioziba mianya wakarudia, maajabu yakayeyuka.

Twende 2011. Profesa Daryl Bem wa Chuo Kikuu cha Cornell, mtu mzito kwenye saikolojia, alichapisha majaribio tisa yenye washiriki zaidi ya 1,000 akidai binadamu anaweza kuhisi kitu kabla hakijatokea. Unachagua pazia moja kati ya mawili, nyuma ya moja kuna picha. Kwa picha za kikubwa watu walipatia asilimia 53. Hiyo hapo ndiyo "wamethibitisha" ya staa wetu: asilimia 53 badala ya 50. Na hata madai yake hayakusimama. Watafiti wa Uingereza walirudia mwaka 2012 wakaambulia sifuri. Wengine Marekani wakarudia kwa watu zaidi ya 3,000, sifuri tena.

Kuna watu watasema basi hao maprofesa wamekosa kazi. Hapana bana, hapo nakataa. Lile sakata la Bem liliwatia wanasaikolojia aibu ya maana, wakaanza kujiuliza kama njia zao za kawaida zinaweza "kuthibitisha" kitu kama hiki, ni mangapi mengine wamethibitisha kwa bahati? Wakaanza kurudiarudia tafiti zao wenyewe, nyingi zikaanguka hadharani. Mtaalamu wako staa, lini alitoka laivu akasema jamani mwezi huu nimejaribu watu kumi na saba, imegoma kwa kumi na sita?

Halafu kulikuwa na mwanamazingaombwe James Randi. Aliweka mezani dola milioni moja kwa yeyote atakayeonyesha uwezo wa ajabu chini ya masharti waliyokubaliana wote wawili. Mchezo ukafungwa 2015, hakuna aliyechukua. Milioni moja ya dola wadau! Huyu wa kwetu anahangaika na kodi ya mwanafunzi.

Na kukabwa je? Kukabwa kupo. Mtu akikwambia amekabwa usimcheke, hadanganyi. Usingizi wa ndoto ukikolea, mwili unazimwa misuli ili usiamke ukakimbia na ndoto yako. Wakati mwingine akili inaamka mwili bado umezimwa, na ndoto inaendelea macho yakiwa wazi. Ndio unaona kivuli mlangoni, ndio kifua kizito. Watafiti waliojumlisha tafiti nyingi, mwaka 2011, walikuta kwa wanafunzi imewahi kumtokea zaidi ya mmoja kati ya wanne. Inachochewa na kukosa usingizi, msongo, kulala chali. Yaani mdogo wangu mtupu!

Najua mtaniambia wazungu hawajui mambo yetu. Sawa, tuje nyumbani. 1995, Unguja na Pemba, Popobawa. Watu walilala nje kwa makundi wakiota moto, na simulizi nyingi zilikuwa zile zile: nimekandamizwa kitandani, siwezi kusogea. Hofu ikapanda mpaka mtu mmoja akauawa na umati Unguja wakidhani ndiye. Alikuwa mgonjwa wa akili, kaenda kutafuta matibabu. Mtu akishaambiwa anayemkaba ana jina na sura, lazima atafute wa kumlipizia. Leo ni shangazi anayenuniwa. Kesho?

Sijasema hakuna kitu duniani zaidi ya tunachokiona. Bibi yangu aliniambia mengi na sijamaliza kuyafikiria. Ninachokataa ni staa kuchukua jina la chuo asichowahi kusoma hata ukurasa mmoja wa utafiti wake, akalifanya bango la biashara ya mwenzake.

Dogo sasa analala saa nne, kwa ubavu. Wiki ya pili hii hajakabwa. Staa wetu, jina lake lipo kwenye meseji za mtaalamu wako, na namba aliyotumia kutuma hela ni hiyo hiyo, haijabadilika. Mwenye nyumba anataka kodi tarehe tano.