Nundu Haitangazi Aina ya Maziwa

Wafugaji na wanywaji wengi wa maziwa siku hizi wana kauli moja: ng'ombe wa kienyeji ana maziwa ya A2, basi ni salama, chotara ana A1, basi ni ya kuogopwa. Kauli hiyo imebeba ukweli kidogo na hofu nyingi. Mama wa Kipalapala, Tabora, mwenye ng'ombe mmoja wa damu ya Friesian akiiamini, anaweza kumuuza mnyama anayewalipia watoto wake ada.

A1 na A2 ni aina mbili za beta-kaseini, mojawapo ya protini kuu za maziwa. Ni mnyororo wa viungo 209, na tofauti yenyewe iko kwenye kiungo cha 67 tu: A2 ina prolini, A1 ina histidini. Ni kweli kwamba ng'ombe wa nundu, yaani zebu, wa hapa na wa India, karibu wote hubeba A2. Ni kweli pia kwamba A1 imeenea miongoni mwa Friesian. Lakini Friesian wengi hubeba A2, Jersey zaidi yao, na Guernsey huizidi hata Jersey. Ndama hupata nakala moja ya kinasaba cha protini hii kwa mama na nyingine kwa baba. Jike la kienyeji lenye A2 mbili likipandishwa kwa dume lenye A2 mbili, ndama wote watakuwa A2, wawe chotara wasiwe chotara. Dume likiwa na A1 mbili, kila mtamba atakayezaliwa atatoa aina zote mbili ndani ya ndoo moja. Kwa hiyo jibu liko kwenye dume lililochaguliwa, na rangi ya ngozi haiwezi kulitoa.

Na huo usalama wenyewe? Hofu ilitokana na kipande kidogo cha protini kinachoachiliwa A1 inapomeng'enywa. Mwaka 2009 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia tafiti zilizokuwapo, ikaona hazithibitishi kwamba kipande hicho husababisha magonjwa yaliyotajwa, kisukari na ya moyo yakiwemo. Tumbo linalounguruma baada ya kikombe cha maziwa mara nyingi linalalamikia laktosi, sukari iliyomo katika maziwa ya kienyeji na ya chotara vilevile. Timu ya Sarah Tishkoff ilichapisha mwaka 2007 utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ukionyesha kwamba uwezo wa mtu mzima kumeng'enya sukari hiyo umo katika vinasaba vya mnywaji. Mgando hauwasumbui watu wengi kama maziwa yasiyoganda, kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya laktosi.

Kinachoniudhi zaidi ni imani kwamba maziwa ya kienyeji, kwa kuwa ni ya asili, hayana haja ya kuchemshwa. Homa ya kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe havichagui mbari. Chemsha.

Tena, asili ipi? Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ilikuwa njia panda ya misafara. Wasafiri wa karne ya 19 waliwakuta huko wachungaji Watusi wakiwa na mifugo yao kati ya Wanyamwezi. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ukafyeka makundi ya Afrika Mashariki, na yaliyobaki yakajazwa upya kwa kununua na kubadilishana kutoka huku na kule. Hata zebu wetu, wakipimwa vinasaba vinavyopitia kwa mama peke yake, huonyesha ukoo wa ng'ombe wa kale wa Afrika wasio na nundu. Ng'ombe tunayemwita wa asili ni chotara wa zamani. Ng'ombe wa aina ya Mpwapwa naye alitengenezwa makusudi kituoni Mpwapwa, kwa damu ya zebu wa hapa, Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi, na Ayrshire kidogo.

Kama tunataka kuzungumzia protini kwa faida ya mfukoni, tuiangalie kapa-kaseini, protini nyingine ya maziwa. Aina yake ya B huganda upesi na kutoa bonge gumu, ndiyo maana watengenezaji jibini huitafuta. Hapa ng'ombe wa nundu hana la kujivunia, kwa kuwa wengi wao hubeba aina A. Jersey ndiye mwenye B kwa wingi. Utamu mzito wa maziwa ya kienyeji hutokana zaidi na mafuta, ambayo mara nyingi hufika asilimia 5 au zaidi, huku ya Friesian yakizunguka 3.5. Mwenye kutafuta samli ana sababu nzuri ya kumpenda zebu, ila sababu hiyo haimo katika A2.

Simtetei chotara kwa kumdharau wa kienyeji. Katika nchi ya miombo yenye ndorobo, kupe na kiangazi kirefu, anayestahimili zaidi ni zebu, na kumpandisha ovyo mpaka damu yake ipotee ni hasara tusiyoweza kuirudisha. Orodha nyingi za madume ya uhimilishaji ng'ambo huandika aina ya beta-kaseini na kapa-kaseini ya kila dume. Mhimilishaji akija na mrija wa mbegu, muulize dume lile ni la aina gani, na kama hajui, mwambie akatafute jibu kabla hajapandisha.